Pakiti ya Tumbaku Iliyomposea Mume Wangu

Leo saa mbili asubuhi nimemrushia mume wangu ungo. Ungo pamoja na uwele uliokuwemo. Umempita sikioni ukaangukia kuku, na kuku ndio peke yao waliofaidi siku ya leo.

Kosa lake? Alitabasamu.

Subirini kwanza. Mkishajua alitabasamu kwa jambo gani, mtaniuliza kwa nini nilirusha ungo wakati mchi ulikuwa karibu.

Wasichana wa bweni letu, mnanikumbuka mimi Zai? Yule niliyekuwa nalala kitanda cha juu, naapa kila wiki kwamba mwanaume akiniletea mke mwenza nitamwachia nyumba na masufuria yake? Basi ni mimi huyo huyo. Kwa mikono yangu hii miwili nimemposea mume wangu. Tena si mke mmoja. Nimepeleka posa nyumba tisa. Kwa mguu, mtoto mgongoni. (Hakuna aliyenilazimisha. Niliamka mapema ili nisichelewe.)

Barua hii mpeane mikononi. Atakayecheka afunike mdomo.

Ilianza hivi. Mnajua kwamba mimi mtoto wa Dodoma mjini, baba karani, maji ya bomba, nimeolewa huku Busi, vilimani Kondoa. Mume wangu ni Rajabu. Baba mkwe wangu, Mzee Iddi, kazi yake ni tumbaku ya bapa. Kwa nyie mnaojua sigara tu: majani yanatwangwa, yanafinyangwa kuwa mkate mwembamba kama chapati iliyonyimwa mafuta, kisha unaanikwa. Mzee akitaka kunusa anamega kipande, anakipasha moto juu ya kigae mpaka kitoe harufu, anakisaga kiganjani, ananusa, anapiga chafya, anamshukuru Mungu. Harufu yenyewe ikiingia kwenye nguo haitoki. (Hadija wangu ana miezi minane na ananukia kama bibi wa miaka themanini.)

Tumbaku hiyo ndiyo iliyomsomesha Rajabu. Ndiyo inayotulisha. Lakini tangu serikali iruhusu bidhaa za nje, maduka ya Kondoa yamejaa vitu vinavyong'aa. Biskuti zinang'aa. Sabuni zinang'aa. Sigara za kutoka sijui wapi zina karatasi ya fedha ndani kama zinakwenda harusini. Tumbaku ya baba mkwe ilikuwa inafungwa kwenye gazeti kuukuu, na mwezi uliopita mwenye duka aliyemuuzia miaka yote aliihamishia chini ya meza, karibu na mafuta ya taa.

"Mzee," akamwambia, "siku hizi mteja ananunua kwa macho. Niletee kitu chenye sura."

Baba mkwe alirudi nyumbani akakataa kula. Nikaona uchungu. Nikasimama katikati ya uwanja nikasema, "Baba, niachie mimi. Nilipata B ya uchoraji."

(B ile mnaikumbuka. Wifi yangu Mwanaidi anaikumbuka kuliko nyie, maana naitaja kila tukikaa kula.)

Baba mkwe akanipa ruhusa, akaondoka kwenda kumuuguza dada yake. Rajabu naye alikuwa Dodoma akihangaikia leseni. Tukabaki mimi, wifi, mtoto na tumbaku.

Msidhani kubuni pakiti ni mchezo. Shida ya kwanza: bapa linavunjika. Ukilipandisha basi hapa likiwa zima, linafika Kondoa unga mtupu. Nilijaribu kulifunga moja moja, likavunjika. Nikajaribu matatu kwa pamoja, la katikati likavunjika. Siku ya tatu nikagundua kwamba ukiweka mikate miwili uso kwa uso, migongo nje, inashikana kama imezaliwa pamoja. Niliangusha chini mara kumi. Haikuvunjika! Nilipiga kigelegele peke yangu.

Shida ya pili: bapa likikauka sana, ukiliweka kwenye kigae linaungua badala ya kupata moto taratibu. Nikalizungushia maganda laini ya mahindi, yenye unyevu kidogo. Juu yake nikaweka karatasi ya kaki ya mifuko ya saruji, upande ule safi.

Shida ya tatu: sura. Nilichonga muhuri kwa kiazi. Nikachonga jani la tumbaku, likatoka mchicha. Nikachonga ng'ombe, akatoka kigoda. (B ilikuwa ya penseli, sio ya viazi.) Mwishowe nikachonga mikono miwili iliyoshikana. Ikatoka safi! Chini yake nikaandika kwa wino: RAJABU IDDI, BUSI, kwa sababu leseni itakuwa ya jina lake. Na chini kabisa, kama nilivyoona kwenye sabuni moja: POKEA KWA MOYO MWEUPE. UKIRIDHIKA, TULETEE JIBU.

Ikabaki kufunga. Nyumbani hapakuwa na uzi. Nikafumua sweta la zamani la Mwanaidi. Jekundu.

Sasa sikilizeni maongezi yetu, maana ndiyo yanayonichoma hadi saa hii.

"Wifi," akasema Mwanaidi, "mikate miwili uso kwa uso?"

"Ndiyo. Ndiyo uzuri wake."

"Na uzi mwekundu?"

"Unavuta jicho."

"Na jina la kaka juu?"

"Ulitaka niandike jina la nani? La kwako?"

Akamwangalia Hadija, akaniangalia mimi. "Kaka anajua?"

"Nataka akirudi akute kila kitu tayari. Atashangaa mwenyewe!"

Mwanaidi akafuta macho kwa pindo la kanga. "Wifi, wewe una moyo wa peke yake."

Nikajua anasifia uchoraji. Nikamwambia asilie, nitamfundisha.

Jana alfajiri nikambeba Hadija mgongoni, nikazichukua pakiti tisa kwenye kikapu. Niliwachagua wazee tisa wanaojua tumbaku kuliko wote vilimani huku, nikasema hawa wakiikubali, mwenye duka hana la kusema. Nilikwenda mapema ili niwakute kabla hawajatoka kwenda shambani. Bei sikuitaja, maana ilikuwa ya kuonja tu. Kila mlangoni nilisema vile vile, kwa adabu, magoti chini:

"Shikamoo babu. Rajabu anawasalimu. Ametuma hii. Muionje, kisha mtupe jibu."

Jamani, mapokezi! Wazee waliipokea kwa mikono miwili. Mmoja aliita nyumba nzima itoke ije kunitazama. Mzee Salimu wa ng'ambo ya korongo aliigeuza pakiti, akaupapasa ule uzi, akasema, "Hivi vitu bado vipo?" Mkewe akanikumbatia mimi na mtoto wangu kwa pamoja. "Mwanangu, wanawake kama wewe wameisha duniani."

Nilirudi nyumbani shingo ndefu kama twiga. Pakiti moja tu, nikawaza, na tayari wananililia! Nikaanza kupanga kubuni na ya chumvi.

Jana jioni Rajabu na baba mkwe wakashuka kwenye basi moja, wamechoka, wakala, wakalala. Mimi sikusema kitu. Nilitaka majibu yaje yenyewe.

Yakaja.

Leo asubuhi napepeta uwele, naona wazee watatu wanaingia uwanjani. Kanzu, koti, kofia iliyofuliwa. Mbele yao Mzee Salimu. Nikainuka mbio.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mke mkubwa."

(Mke mkubwa! Nikajua ndiyo heshima ya huku kwa mtu mwenye B.)

Mzee Salimu akatoa kwenye koti mkate mmoja wa tumbaku, akanikabidhi. "Tumeridhika," akasema. "Mmoja tumebaki nao. Huu tunaurudisha."

"Sasa mzee, mkiridhika mnarudisha ya nini? Bakini nayo yote miwili!"

"Yote miwili?" Akawageukia wenzake. "Ile miwili ni kwa mabinti wawili."

"Basi hata wawili, mzee! Msione haya. Sisi tunayo mingi ndani."

Mzee Salimu akavua kofia akajikuna. Mzee wa pili akakohoa, naye akatoa mkate wake. "Sisi pia tumeridhika. Tulikuwa tunakuja kimya kimya, tukakutana njiani." Wa tatu akatoa wake bila kusema neno. Wakatazamana.

"Na wewe uliletewa?"

"Alfajiri. Na wewe?"

"Na huyu huyu, na mtoto mgongoni?"

"Huyu huyu!"

Hapo baba mkwe akatoka ndani. Akaona mikate mitatu, akaona ule uzi mwekundu mkononi mwa Mzee Salimu. Akakaa juu ya kinu.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi, baba," nikasema, na mniamini, nilisema kwa fahari. "Yote nimebuni mimi."

Baba mkwe akanieleza polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya daktari. Vilimani huku, kabla posa haijawa barua na bahasha, posa ilikuwa tumbaku. Mikate miwili, uso kwa uso. Uzi mwekundu. Inapelekwa alfajiri na mwanamke wa nyumba ya muoaji. Vijana wengi hawaijui tena, ila wazee hawajaisahau. Binti akikubaliwa kutolewa, kwao wanabaki na mkate mmoja na kuurudisha wa pili. Na kama aliyeipeleka ni mke wa muoaji mwenyewe, tena amebeba mtoto wake, maana yake ameridhia kwa moyo wote, na kumkatalia ni kumtukana.

Ndiyo maana nilikumbatiwa! Ndiyo maana Mwanaidi alilia!

Nikamgeukia Rajabu. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu duniani: mume wangu ataruka, atasema, "Hapana, jamani, mke wangu amekosea, mimi nina mke mmoja." Alikuwa amesimama mlangoni, mswaki mdomoni, amesikia kila neno.

Akatabasamu.

Si tabasamu la kushtuka. Lile pana, la mtu aliyeambiwa kwamba kumbe ng'ombe aliyepotea alikuwa na ndama.

Ndipo ungo uliporuka.

"Mama Hadija!" akapiga kelele, uwele kichwani. "Mimi nilidhani umeamua mwenyewe!"

"Niamue? Niamue wanawake tisa?"

"Nilijua una moyo..."

"Sasa mbona ulinyamaza? Ulikuwa unafanya nini pale mlangoni?"

"Nilikuwa nafikiria tu."

"Ulikuwa unafikiria nini, Rajabu?"

Akatema povu la mswaki. Akatazama nyumba. Mungu wangu, mtu huyu hajui kudanganya hata pale inapotakiwa.

"Vyumba," akasema.

Wazee wale watatu wakaangalia chini kwa pamoja. Mmoja mabega yalikuwa yanamtikisika.

Baba mkwe akasema kinachotakiwa. Posa ikishafika, wale mabinti wanahesabika wameposwa, na hakuna kijana mwingine anayeweza kubisha hodi. Ikilala usiku wa pili inakuwa imekaa, haitenguliwi tena. Kwa hiyo irudi leo leo. Na anayeirudisha ni yule yule aliyeipeleka. Mlangoni, kwa sauti, nyumba nzima isikie: "Tumbaku niliyoleta haikuwa na neno ndani."

"Nikienda na Rajabu?"

"Peke yako. Ulikwenda peke yako."

Mwanaidi akanihurumia, akanifuata hatua ishirini nyuma. Njia nzima nilimsikia. "Lakini wifi, si nilikuuliza? Uzi nilikuuliza. Mikate nilikuuliza. Na jina la kaka..."

"Mwanaidi, nyamaza."

"Nanyamaza. Lakini nilikuuliza."

Nyumba ya kwanza nilisema kwa sauti ya mbu. Wakaniambia nirudie, bibi hakusikia. Nikarudia. Bibi akasema bado. Nikapiga kelele hadi majirani wakatoka. Ya pili walinipa maji kwanza, kwa upole, kama mfiwa. Ya tatu baba mtu alishusha pumzi, akasema alishaanza kutafuta mbuzi wa karamu.

Lakini hapakuwa na mahali pa kuumbuka kama kwa Mzee Salimu. Mzee hakuwa amewaambia kitu, alisubiri niseme mwenyewe, na walikuwa wameshakusanyika uwanja mzima, shangazi, wajomba, watoto. Binti yao, Mariamu, amesukwa upya. Nikapiga magoti, nikasema maneno yangu. Kisha Mariamu akaruka juu kama amefunguliwa kamba.

"Alhamdulillahi! Dada, nimelia tangu jana! Mumeo simtaki hata kwa kusukumwa!"

Hapo nilipaswa kumshukuru niondoke. Mimi nikainuka.

"Ana nini mume wangu?"

"Ana masikio."

"Masikio yake yana nini?"

"Makubwa!"

"Makubwa yako wapi? Umeyapima? Rajabu ana masikio ya kawaida kabisa! Na hata kama, anachota maji! Anambeba mtoto! Hajawahi kunipandishia mkono, hanywi, akienda Dodoma anarudi na sabuni ya kuogea! Ungepata wapi wewe mwanaume kama yule?"

Nilisema mengi, jamani. Kidole juu, Hadija mgongoni ananivuta nywele. Nilipomaliza, mke wa Mzee Salimu akauliza kwa sauti laini kabisa:

"Mwanangu, kama ni mzuri hivyo, mbona unakuja kutunyang'anya?"

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Mzee Salimu alicheka mpaka akashikwa mgongo. Shangazi mmoja alikaa chini kwenye vumbi na kanga yake safi. Nilitafuta pa kujificha nikaona banda la mbuzi tu, na hata mbuzi walikuwa wananitazama.

(Masikio ni makubwa. Nimeyaangalia tena nilivyorudi. Lakini hilo ni langu mimi kulisema.)

Nyumba ya tisa ilikuwa ya mzee mmoja asiyeona vizuri. Nikasema maneno yangu. Akacheka bila meno.

"Mimi sina binti, mwanangu. Nina wajukuu wa kiume watupu. Jana nilishangaa sana, ila nikanusa."

"Yote miwili?"

"Umebaki kipande. Haikuvunjika. Haikukauka. Nimeiweka kwenye kigae imepata moto taratibu, haikuungua hata pembeni. Miaka sijanusa kitu kama hiki." Akanyoosha kidole. "Ila uzi, mwanangu. Tumieni mweupe."

Nililia hapo hapo. Kwa hasira, kwa uchovu, na kwa kusifiwa. Pakiti ni nzuri! Pakiti haina kosa!

Wakati wa kurudi nikapita mbele ya ofisi ya kijiji, mlango wazi. Hasira ikanirudia, ile ya saa mbili. Nikaingia. Mtendaji ni kijana, mgeni wa huku kama mimi.

"Nataka kushtaki," nikasema.

"Karibu dada. Unamshtaki nani?"

Nikawaza. Wifi? Aliniuliza mara tatu. Baba mkwe? Hakuwepo. Wazee? Waliletewa mlangoni. Mimi mwenyewe? Nimeshaadhibiwa.

"Mume wangu."

"Kwa kosa gani?"

"Kutabasamu."

Akaweka kalamu chini. "Dada, hilo halina fomu."

"Basi nipe karatasi tupu. Nina kidato cha nne."

Nikaandika pale pale, mtoto ananyonya. Mtendaji alisoma mara mbili, uso ameuziba kwa faili, kisha akagonga muhuri. Nakala yake hii hapa, neno kwa neno. Na mkicheka nitajua.

Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji,
Busi.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TABASAMU LA MUME WANGU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mke halali wa Rajabu Iddi. Nakiri kwamba pakiti niliibuni mimi, uzi niliuchagua mimi, na nilionywa mara tatu nikajibu kwa jeuri. Kosa hilo nimelilipa kwa miguu, nyumba tisa, mtoto mgongoni.

Ninachokilalamikia ni kwamba leo asubuhi, baada ya kusikia mbele ya mashahidi watatu wazima kwamba ameposewa wanawake kimakosa, mlalamikiwa alitabasamu. Alitabasamu kwa muda mrefu, akiwa na mswaki mdomoni. Alipoulizwa alikuwa anafikiria nini, alikiri kuwa alikuwa anafikiria vyumba.

Naomba ofisi yako imwite, imuulize ni vyumba gani hivyo, maana upande wetu wa nyumba una viwili na kimoja ni cha tumbaku.

Naomba pia iingizwe kwenye kumbukumbu za kijiji kwamba kuanzia leo tumbaku ya bapa kutoka nyumba yetu itafungwa kwa uzi mweupe, itauzwa dukani kwa bei, na haitakuwa na neno lolote ndani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Zainabu,
Mke wa kwanza na wa mwisho.